Ukoko

Kwetu Mzuzu jina langu, Wezi, ni neema.
Hapa nilipolitaja, benchi zima lilishika mifuko,
kisha likacheka hadi maharage yakamwagika.
"Basi kaa hapa, Wezi," akasema Mama Shukurani,
"nikuone vizuri mikono."

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya hospitali, Upanga:
mabati, benchi lililoegemea tofali,
ndoo ya kunawia yenye koki inayolia tone tone.
Siku ile niliomba kijiko.
Kwetu nasi tunakula kwa vidole, tonge lilelile, mahindi yaleyale,
ila nilikuwa na koti jeupe la mwanafunzi, limepigwa pasi,
nikataka wajue.
Walinipa kijiko. Kikapinda ndani ya ugali.
Dagaa wakanitazama kwa macho yao yote.

Mwezi mzima nilijifunza neno moja: karibu.
Kila aliyewekewa sahani alilisema kabla ya tonge la kwanza,
dobi, mlinzi, muuza vocha,
hata mwenye kipande kimoja cha muhogo na chumvi.
Nikajifunza na jibu lake, asante, nimeshiba,
nikalisema kwa lafudhi safi
hata Machi, fedha za kutoka nyumbani zilipokwama benki
na tumbo langu likinguruma kwa Kitumbuka.

Mama Shukurani hakuuliza kitu.
Wali wa nazi ulikuwa umekwisha, makaa yakifa juu ya kifuniko.
Akainamisha sufuria, akakwangua, krrr, krrr,
kama mtu anayeparura ukuta,
akaniwekea pande la kahawia, kavu, limeungua pembeni,
akalimwagia mchuzi wa kibua.
Nikaona haya hadi masikioni. Kwetu
ukoko wa chungu humwagiwa kuku.
Nikamwandikia mama: wameanza kunilisha mabaki.
Ujumbe haukwenda. Salio halikutosha.

Nilikula kwa hasira. Pande likavunjika mdomoni kama kigae,
kisha tui likaamka, na moshi, na ile chumvi ya chini kabisa
mahali ambapo wali hukutana na moto.
Nikanyanyua uso. Mzee Mbaruku, dobi,
alikuwa ameishika sahani yake tupu magotini
kama mtu anayesubiri basi lililokwishapita.
Miaka tisa, nikaja kuambiwa, ukoko wa hapa ni wake.
Hakuna aliyewahi kuugusa.
"Karibu," nikasema, mara ya kwanza kinywa changu kulitoa,
nikasogeza sahani.
"Nimeshiba, mwanangu."
Nami nilikuwa mtaalamu wa uongo huo.
Nikaumega katikati. Kwa mkono.

"Mla ukoko," akacheka Mama, "harusi yake hunyesha mvua!"

Ikanyesha. Mzuzu, Septemba, mwezi usioijua mvua,
turubai likafanya kitambi juu ya keki,
shangazi zangu wakalaumu mbingu,
nami nimesimama, gauni limeninata, nacheka kama mwizi.

Kuna daftari Upanga, jalada limelowa mafuta.
Kabla sijaondoka nilikwenda kulipa, tukahesabu pamoja:
Wezi, wali. Wezi, wali. Wezi, chai na chapati mbili.
Katikati ya Machi, kwa kalamu ya risasi: Wezi, ukoko.
Nikauliza bei.
Akalamba kidole, akafunua ukurasa mwingine.